Laxton, Kijiji Ambacho Mashamba Yake Hayana Ua

Msafiri atokaye London kwenda kaskazini kwa barabara kuu iendayo Scotland, akiisha kuupita mji wa Newark kwa maili chache na kukunja upande wa kushoto, huingia katika nchi ya vilima vidogo vidogo iliyo sehemu ya jimbo la Nottinghamshire. Udongo wa huko ni mfinyanzi mwekundu. Mkulima wa Nyeri angeipenda rangi yake, lakini asingeupenda uzito wake, maana mvua ikinyesha hunata viatuni kama gundi, na jua likiwaka hukauka ukawa kama tofali. Katika nchi hiyo, maili kama kumi kutoka Newark, kimo kijiji kiitwacho Laxton.

Karibu kila mahali katika Uingereza mashamba yamegawanywa kwa nyua za miti iliyopandwa ikafungamana, kila mtu na shamba lake ndani ya ua wake. Mgeni aonapo nyua hizo hudhani kwamba zimekuwako tangu Mungu alipoiumba nchi. Lakini akitoka nje kidogo ya kijiji cha Laxton ataona jambo lingine. Mbele yake litatandazwa konde kubwa lisilo na ua wala seng'enge, ambalo mtu aweza kulitazama mpaka macho yachoke, nalo limelimwa na watu wengi mbalimbali, kila mmoja na kipande chake kirefu chembamba kilicholala ubavuni mwa kipande cha jirani. Ndivyo ilivyokuwa sehemu kubwa ya Uingereza ya kati kwa muda wa miaka zaidi ya mia saba. Leo Laxton ndiko mahali panapojulikana zaidi ambapo desturi hiyo bado i hai, pamoja na baraza lake la kuisimamia.

Kijiji chenyewe ni kidogo. Kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli, kuna nyumba ya kulia chakula na kunywa pombe iitwayo Dovecote Inn, na kuna nyumba za wakulima zilizojengwa kwa matofali mekundu. Nyingi katika nyumba hizo hazikuelekeza uso wake barabarani, bali zimeipa barabara ubavu, na nyuma ya kila moja kuna uwanja, ghala na mabanda ya ng'ombe. Jambo hili lina sababu yake. Mahali palipotiwa ua, mkulima alihama kijijini akajenga nyumba yake katikati ya shamba lake. Laxton mkulima hakuwa na katikati ya kujenga, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa huku kidogo na kule kidogo. Kwa hiyo karibu wote walibaki pamoja kijijini, mlango kwa mlango, na kila asubuhi wakatoka kwenda kondeni kama watu waendao kazini.

Ngwe na Eka

Kila kipande katika konde ni ngwe, kama vile watu wa pwani wanavyoita kipande kilichopimwa ili mtu mmoja akilime. Kwa nini ngwe za Laxton zilikuwa ndefu na nyembamba, wala hazikuwa za mraba? Jibu limo katika shingo za ng'ombe. Plau ya kale ilikuwa ya mti, nzito, yenye chuma mbele, na katika mfinyanzi kama ule ilihitaji maksai wengi, pengine wanane, waliofungwa wawili wawili. Kuligeuza kundi kama hilo ni kazi kubwa. Basi mlimaji alikwenda moja kwa moja mbali kadiri maksai walivyoweza kuvuta bila kupumzika, kisha ndipo akageuka. Mwendo huo ukaja kuwa kipimo cha yadi 220. Upana wa yadi 22 ukizidishwa kwa urefu huo huleta yadi za mraba 4,840, na hiyo ndiyo eka. Kwa desturi ya kale eka ilihesabiwa kuwa ni kazi ya siku moja ya plau moja. Mkulima wa Kenya asemaye leo kwamba ana eka tatu za mahindi, ingawa hakuwahi kuiona Uingereza, anaupima udongo wake kwa pumzi za maksai wa vijiji kama Laxton.

Makonde makubwa ya Laxton siku hizi ni matatu. Moja huitwa Mill Field, yaani Konde la Kinu, la pili West Field, yaani Konde la Magharibi, na la tatu South Field, yaani Konde la Kusini. Desturi ya kuyalima ni ya mzunguko wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza konde hupandwa ngano kabla ya baridi kuanza. Mwaka wa pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama shayiri, oti, maharagwe au njegere. Mwaka wa tatu konde hupumzishwa, nalo huwa malisho, na mbolea ya kondoo huurudishia udongo nguvu zake. Hivyo kila mwaka makonde mawili yana chakula na moja limelala, na kila mkulima ana ngwe katika makonde yote matatu, asije akajikuta mwaka mmoja hana kitu.

Kutoka hapo msomaji ataona mara moja kwamba hapana mtu awezaye kufanya apendavyo. Mmoja akipanda shayiri katika konde la ngano, au akichelewa kuvuna mpaka mifugo ya wenzake imeachiliwa kula mabua, atajiletea hasara mwenyewe na fitina kwa wote. Tena mpaka kati ya ngwe na ngwe si ukuta wala mti, ni mfuo tu wa plau. Mlimaji mwenye tamaa aweza kila mwaka kuusogeza mfuo huo kwa upana wa kiatu, na baada ya miaka kumi akawa amekula kipande kizuri cha jirani yake. Dhambi hii haihitaji kufafanuliwa kwa mkulima ye yote wa Afrika ya Mashariki.

Baraza la Mashamba

Kwa ajili hiyo Laxton wana baraza lao. Kila mwaka, karibu na mwisho wa mwezi wa Novemba, wakati ngano changa imekwisha chomoza, watu kumi na wawili wenye kiapo, pamoja na mkuu wao, hutoka kwenda kulikagua konde lililopandwa ngano. Wote ni wakulima wa papo hapo, wala si maofisa waliotumwa kutoka mjini. Zamani walikwenda kwa miguu. Siku hizi huchukuliwa katika mkokoteni unaovutwa na trekta, jambo ambalo watu wa kale wasingelikataa, maana mwezi huo upepo wa Nottinghamshire ni mkali kama wembe. Hutazama kama mtu ameilima njia ya wote, au amechimba sehemu ya majani isiyopaswa kuguswa, au amemwibia jirani mfuo. Mahali ambapo mpaka umefifia hupiga kigingi kipya ardhini kwa nyundo. Kazi ikiisha hukaa pamoja wakala chakula cha mchana, na huko ndiko yaliyoonekana kondeni huzungumzwa.

Baada ya juma moja baraza lenyewe hukutana katika Dovecote Inn. Msimamizi wa mwenye ardhi hukaa kitini, majina ya watu wapasikao kuhudhuria husomwa, na asiyefika bila udhuru hutozwa senti chache. Kisha taarifa ya wakaguzi hutolewa, na waliokosa hutozwa faini. Fedha hizo ni kidogo, wala hazimfilisi mtu. Uchungu wake uko mahali pengine: mkosaji hutajwa jina mbele ya watu wale wale atakaokutana nao kesho yake kanisani na dukani. Mwisho wa mkutano huapishwa wakaguzi wa mwaka ujao, na yule aliyetozwa faini mwaka huu aweza kuwa ndiye atakayekagua mwakani.

Mabaraza ya namna hii yalikuwa mengi katika Uingereza. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyoyaondolea karibu yote mamlaka yaliyokuwa yamebaki, kwa sababu hayakuwa tena na kazi. Baraza la Laxton liliachiwa mamlaka yake juu ya mashamba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ingali inafanywa kila mwaka.

Ramani ya Mwaka 1635

Laxton imo katika kitabu cha hesabu ya nchi alichokiamuru Mfalme William katika mwaka 1086, miaka ishirini baada ya kuishinda Uingereza. Wakati huo ilikuwa mkononi mwa Mnormani aliyeitwa Geoffrey Alselin. Wanormani walijenga ngome yao upande wa kaskazini wa kijiji, kilima kilichorundikwa kwa mikono ya watu, chenye handaki kukizunguka. Ngome ya mti imekwisha oza zamani, lakini kilima kipo, kimefunikwa kwa majani, na ndicho kimoja cha vilima vya namna hiyo vilivyosalia vizuri kabisa katika jimbo lile. Baadaye palikaa ukoo wa Everingham, waliokuwa walinzi wa msitu wa Sherwood kwa urithi. Kanisani kuna sanamu ya mke wa mmoja wao, Adam de Everingham, iliyochongwa kwa mti wa mwaloni badala ya jiwe. Sanamu za mti za zama hizo ni adimu sana.

Lakini hazina kubwa ya Laxton haiko Laxton. Iko Oxford, katika maktaba iitwayo Bodleian. Katika mwaka 1635 kijiji kilikuwa mali ya Sir William Courten, mfanya biashara tajiri wa London, yule yule ambaye merikebu zake zilipeleka Waingereza wa kwanza kukaa Barbados katika mwaka 1627. Mtu wa biashara hupenda kujua ana nini ghalani. Basi alimwajiri mpimaji jina lake Mark Pierce aipime ardhi yote na kuiandika. Pierce alichora ramani kubwa yenye rangi, na pamoja nayo kitabu kinachotaja kila kipande, ukubwa wake na mlimaji wake. Katika makonde peke yake, ambayo wakati huo yalikuwa manne, zilikuwamo ngwe zaidi ya 2,000. Wala Pierce hakuridhika na mistari mitupu; ndani ya ramani alichora watu wadogo wadogo wakilima, wakivuna na kuwinda, hata mtu aitazamapo huona kijiji kizima kikiwa kazini. Mtu aweza leo kusimama Laxton na nakala ya ramani hiyo mkononi, akafuata njia nyingi za mwaka 1635 bila kupotea.

Jinsi Nyua Zilivyoenea

Ikiwa mashamba ya wazi yalikuwa kila mahali, yalikwenda wapi? Yalitiwa ua. Kwanza wenyeji wenye ardhi walipatana wao kwa wao, wakaunganisha vipande. Halafu kazi ikafanywa kwa sheria. Tangu mwaka 1604 hadi mwaka 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kutia ua, moja kwa kijiji hiki na nyingine kwa kijiji kile, na eneo lililohusika lilikuwa kama eka milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya moja kwa tano ya nchi yote ya Uingereza.

Faida haikuwa ndogo. Mtu mwenye shamba lake mahali pamoja aliweza kupanda klova na tanipu za kulishia ng'ombe wakati wa baridi, akachimba mifereji, akachagua dume zuri na kuwatenga majike wake wasipandwe na dume dhaifu la jirani. Chakula kiliongezeka. Lakini walikuwako watu ambao katika ngwe hawakuwa na kitu, au walikuwa na kidogo mno, nao waliishi kwa haki ya kuchunga ng'ombe mmoja na kuokota kuni katika ardhi ya wote. Ardhi ya wote ilipogawanywa, mwenye eka nyingi alipewa nyingi, na asiye na hati hakupewa cho chote. Hata Arthur Young, mwandishi aliyekuwa amesafiri nchi nzima akizisifu nyua, katika mwaka 1801 aliandika kwa masikitiko kwamba maskini wameumizwa. Wengi walikwenda kuwa vibarua, wengine wakaenda katika miji ya viwanda. Walioshindwa na maisha kabisa waliingia katika nyumba za maskini. Moja ya nyumba hizo, iliyojengwa mwaka 1824, ingali imesimama Southwell, si mbali na Laxton, nayo ni jengo kubwa lenye madirisha mengi na ukimya mwingi.

Msomaji wa Kenya atakumbuka jambo linalofanana na hilo. Katika mwaka 1954 ulitangazwa mpango wa kilimo wa Bwana Roger Swynnerton, na katika miaka iliyofuata vipande vya ardhi vya Kiambu, Nyeri na Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, vilikusanywa vikawa shamba moja moja lenye hati. Kahawa na ng'ombe wa maziwa vilisitawi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kazi nyingi ya kupima ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, na watu waliokuwa kizuizini hawakuwapo kuonyesha mipaka yao. Lakini mifano hii miwili isichanganywe. Vipande vya Kenya vilizidi kuwa vidogo kwa kurithishwa, baba akiwagawia wana. Ngwe za Laxton zilitawanywa tangu mwanzo ili mtu mmoja asipate udongo mzuri wote na mwingine akapewa bonde lenye maji.

Sababu iliyoiokoa Laxton haikuwa hekima kubwa. Katika karne ya 19 wenye ardhi wakubwa walikuwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na kwa miaka mingi hawakupatana jinsi ya kubadilishana vipande vyao. Mabwana walipokuwa wakibishana, wakulima waliendelea kulima kama baba zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe ziliunganishwa kidogo, zikawa chache na pana zaidi, lakini makonde hayakutiwa ua. Katika mwaka 1938 mtaalamu wa kilimo wa Oxford, C. S. Orwin, pamoja na mkewe, walitoa kitabu juu ya mashamba ya wazi, ambacho sehemu yake kubwa ni habari za Laxton. Tangu hapo kijiji kikajulikana duniani, na wenyeji wakashangaa kuona wageni waliokuja kutoka mbali kutazama mtu akipanda ngano.

Sherwood, Newark, na Kigali

Nchi iliyozunguka Laxton ina mengi ya kutazamwa. Upande wa magharibi uko msitu wa Sherwood, uliobaki kidogo tu, na huko Edwinstowe kuna mwaloni mkongwe uitwao Major Oak, ambao masimulizi yanasema Robin Hood na watu wake walikutana chini yake. Huko Newark, juu ya mto Trent, kuna magofu ya ngome ambamo Mfalme John alifia mwezi wa Oktoba 1216, mwaka mmoja baada ya kutia muhuri hati mashuhuri ya Magna Carta.

Mahali pengine pastahilipo kutajwa si pa kale. Katika mwaka 1995 ndugu wawili, Stephen na James Smith, pamoja na wazazi wao, walifungua nje kidogo ya kijiji nyumba ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya wakati wa utawala wa Hitler. Wao wenyewe si Wayahudi. Ndugu hao baadaye, katika mwaka 2000, walianzisha chama cha Aegis Trust cha kupinga mauaji ya kimbari, na chama hicho kilishirikiana na wakuu wa jiji la Kigali kuijenga nyumba ya kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambamo wamezikwa watu zaidi ya laki mbili na nusu waliouawa Rwanda katika mwaka 1994. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki wamepita katika nyumba ile ya Gisozi bila kujua kwamba njia yake moja ilianzia katika kijiji cha mfinyanzi mwekundu huko Nottinghamshire.

Ni Nani Atakayelima?

Earl Manvers wa mwisho hakutaka makonde yaharibiwe baada yake, na katika mwaka 1952 aliiuzia Wizara ya Kilimo mali yake ya Laxton. Tangu mwaka 1981 ikawa chini ya Crown Estate, shirika linalosimamia ardhi ya taji. Kwa muda wa miaka karibu sabini wapangaji walikuwa na mwenye ardhi mmoja, ambaye ni dola yenyewe. Kisha, katika mwaka 2018, ilitangazwa kwamba mali hiyo itauzwa. Wakulima waliingiwa na wasiwasi, wala si bure, maana anunuaye ardhi kwa bei kubwa hutaka faida kubwa. Katika mwaka 2020 mali ilirudi Thoresby, kwa ukoo ule ule wa Pierrepont ambao ma-Earl Manvers walitoka kwao.

Mwenye ardhi amepatikana, lakini shida ya mlimaji haikuisha. Makonde ya wazi sasa hayafiki eka mia tano. Mashine za siku hizi zimetengenezwa kwa mashamba mapana, na mwenye trekta kubwa huona taabu kugeuka katika ngwe zilizopimwa kwa ajili ya maksai. Kodi ya ngwe, mbegu na mafuta havipungui kwa sababu shamba ni la kihistoria. Karibu kila mkulima wa Laxton ana ardhi nyingine iliyotiwa ua, na hiyo ndiyo imletayo maziwa au nyama ya kuuza. Nyumba za kijijini nazo zinapendwa na watu wafanyao kazi mijini, ambao huweza kulipa kuliko kijana mwenye nia ya kulima. Hapo zamani hapakuwa na shida kupata watu kumi na wawili wa kula kiapo cha ukaguzi. Siku hizi msimamizi hana budi kuhesabu majina mapema, maana mzee mmoja akistaafu bila mwana wa kushika plau, ngwe zake hugawiwa majirani, na kiti chake katika baraza hakina wa kukikalia.

Hata hivyo ngano ya Laxton hupandwa kila mwaka, na vigingi hupigwa. Njia za kondeni ziko wazi kwa kila mtu, na mgeni hazuiwi kupita katika sehemu za majani zilizo kati ya ngwe, mradi afunge malango na asiachilie mbwa wake miongoni mwa kondoo. Wakati mzuri wa kwenda ni mwezi wa Julai, konde la ngano likiwa limeanza kuiva na konde la pili likiwa bado kijani, ndipo mtu aonapo kwa macho yake ngwe moja inakomea wapi na nyingine inaanzia wapi.